Mjakaranda Umesingiziwa: Yanayosemwa Kuhusu Chafya za Msimu Nairobi

Oktoba ikifika, mijakaranda ya Nairobi huvaa zambarau, maua yakatapakaa barabarani na juu ya magari, na wengi wetu tukaanza kupiga chafya. Mwaka mmoja kwenye mkutano wa ploti yetu, jirani mmoja alisimama akapendekeza mjakaranda wa langoni ukatwe. "Huo mti ndio unatumaliza," alisema. Nilikuwa wa kwanza kuinua mkono kumuunga, leso ikiwa mkono wa pili na macho yamevimba.

Tulikuwa tunamhukumu asiye na hatia.

Mjakaranda, uliotoka Amerika Kusini, huchavushwa na wadudu. Chavua yake, yaani ule unga wa maua, ni nzito na inanata. Imeumbwa ing'ang'anie mwili wa nyuki, wala si kupeperuka hadi puani mwako. Rangi ile yote ni mwaliko kwa nyuki. Mmea unaotegemea upepo hauna haja ya kujipamba, kwa hiyo maua yake huwa madogo, ya kijani au kahawia, na mtu hupita asiyaone. Kinachotoa chavua nyingi hewani ni nyasi: zile za kando ya barabara, za uwanja wa shule, za kiwanja kitupu ambacho mwenyewe hajakifyeka tangu mvua iliyopita. Ukipitisha mkono kwenye masuke yaliyokomaa utaona unga unaruka. Huo ndio ulionitesa. Miti kama saiprasi, ambayo watu wengi wameipanda kuwa ua, nayo huchavushwa na upepo. Kisha kuna parthenium, gugu la viua vidogo vyeupe linalostawi penye udongo uliochimbwachimbwa. Hilo huwasha pua na huweza kuunguza ngozi, kwa hiyo usiling'oe mikono mitupu.

Mbona basi chafya na zambarau huja pamoja? Kwa sababu mjakaranda huchanua wakati vumbi la kiangazi bado limetanda na mvua za vuli ndiyo zinaanza kuziamsha nyasi. Tunaona kinachoonekana, tunakitwika lawama.

Katika mkutano uliofuata niliomba badala ya msumeno tununue slasha. Nyasi zikifyekwa kabla hazijatoa masuke, hakuna chavua ya kupeperuka. Zikishatoa, anayefyeka avae barakoa na wenye aleji wakae mbali siku hiyo.

Lakini mti si jambo pekee tunalolikosea; kuna mengine yanayosemwa. "Hii ni homa tu, itapita." Sisi Wakenya tuna neno moja, homa, kwa joto la mwili na kwa mafua, ndiyo maana mambo huchanganyika. Waingereza nao waliuita ugonjwa huu wa aleji ya chavua homa ya nyasi kavu (hay fever), jina lenye makosa mawili: hauleti joto la mwili, wala nyasi kavu si chanzo chake. Charles Blackley, daktari wa Manchester aliyeugua mwenyewe, alijifanyia majaribio kwa chavua na mwaka 1873 akachapisha kitabu kuonyesha kwamba chanzo ni chavua. Tofauti yake na mafua unaweza kuiona nyumbani. Mafua ya virusi kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja au siku kumi, na huweza kuja na maumivu ya mwili. Aleji hudumu wiki kadhaa, makamasi ni mepesi kama maji, chafya huja kwa mfululizo, na macho, pua, hata kaakaa huwasha. Kuwasha ndiyo dalili kubwa. Mwili umekosea, umeiona chavua kama adui na kumwaga histamini, kemikali inayoleta muwasho na makamasi. Hakuna kijidudu cha kuua hapo, kwa hiyo antibiotiki hazisaidii kitu. Mimi nilizimeza mara mbili kabla mtu hajaniuliza kama macho yananiwasha.

"Sikuzaliwa nayo, haiwezi kuwa aleji." Inaweza kuanza ukubwani, hasa baada ya kuhamia mahali penye mimea mingine. Aliyetoka Mombasa akaanza kupiga chafya mwaka wa pili Nairobi si wa ajabu.

"Dawa ya aleji lazima ikulaze." Vile vidonge vidogo vya manjano vya Piriton, yaani klofeniramini, hulaza kweli, na dereva au mtu wa boda hafai kuvimeza kisha ashike usukani. Lakini kuna setirizini na loratadini, ambazo humezwa mara moja kwa siku na hulegeza mwili kidogo sana kwa walio wengi. Ambaye pua yake huziba kila siku hufaidika zaidi na dawa ya steroidi ya kupuliza puani, na hapa ndipo watu hukata tamaa mapema. Wanapuliza siku mbili, hawaoni kitu, wanaiweka kabatini. Dawa ile hujenga nguvu polepole, hufika kileleni baada ya wiki moja au mbili za kutumia kila siku. Elekeza mdomo wa chupa upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati ya pua, la sivyo utatokwa damu. Usidhani ni sawa na matone ya kuzibua pua papo hapo: hayo ukiyatumia zaidi ya siku chache, pua huzoea na kuziba upya kwa hasira. Muulize mfamasia ni ipi kati ya hizo mbili anayokupa.

"Asali ya hapa hapa huponya." Nyuki hukusanya zaidi chavua nzito ya maua, si ile ya nyasi inayokuchokoza. Kula asali kwa utamu wake, na usimpe mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

"Funga madirisha yote." Ushauri huu umeandikwa kwa nyumba za Ulaya. Kama unapikia jiko la makaa, dirisha lililofungwa ni hatari kuliko chafya yoyote, maana hewa ya makaa huua. Fungua unapopika, chumba cha kulala ndicho cha kufunga siku kavu yenye upepo, hasa nyasi zinapokuwa na masuke.

Hatari nyingine huingia kupitia nguo. Tunaanika juu ya paa la ghorofa, kwenye upepo mtupu, halafu jioni tunalalia foronya zilizovuna chavua mchana kutwa. Msimu ukichacha, anika mashuka ndani. Wenye aleji wanaambiwa pia waoshe nywele kila usiku, lakini nani aliyesukwa juzi kwa pesa nzuri atafanya hivyo? Jifunge kitambaa unapotoka, ukivue mlangoni, unawe uso. Barakoa zilizobaki tangu korona zinafaa: punje ya chavua ya nyasi ina upana wa mikroni 30 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kubwa mno kupita virusi. Kwenye matatu, mwachie mwingine kiti cha dirishani.

Kusafisha pua kwa maji ya chumvi husaidia, nusu kijiko cha chai kwa nusu lita. Maji yachemshwe kwanza, yapoe. Ya mferejini moja kwa moja, hapana.

"Mvua huondoa kila kitu." Mvua ya taratibu husafisha hewa, ni kweli. Ngurumo ni jambo jingine. Punje za chavua zikilowa hupasuka vipande vidogo vinavyoweza kufika ndani kabisa ya mapafu. Novemba 2016, dhoruba ya namna hiyo ilipiga Melbourne, Australia, msimu wa chavua ya nyasi. Maelfu walikimbilia hospitali wakishindwa kupumua na watu 10 wakafa. Baadhi yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana pumu.

Ndiyo maana pua na kifua havitenganishwi. Mwenye aleji anayekohoa usiku, au anayesikia kifua kikipiga filimbi akipanda ngazi, apimwe pumu. Na asiyeweza kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi asisubiri kupambazuke. Mpeleke hospitali usiku huohuo, na kama ana pampu, aendelee kuitumia njiani.