Taifodi yako si sugu, ni kipimo kisichojua kunyamaza

Mama aliingia maabara na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi nne za majibu kutoka vituo vitatu, amezipanga kwa tarehe kama mtu anayekwenda mahakamani. Januari, Widal (kipimo cha damu cha taifodi) 1:160. Machi, 1:160. Mei, 1:320. Juni, 1:160. Kati ya karatasi na karatasi: sipro (antibayotiki ya vidonge) siku saba, sipro siku kumi, sindano za seftriaksoni, kisha sipro tena.

"Dokta mwanangu," akaniambia (kwetu kila mwenye koti jeupe ni dokta, nimeshachoka kukanusha), "taifodi yangu imekuwa sugu. Mwili umezoea dawa."

Nikamwamkia, nikamvutia kiti. Alikuwa wa nne mwezi huo kuja na sentensi ileile. Yeye nilimjibu kwa upole kwa sababu ni mtu mzima na alikuwa amechoka. Nyinyi wa mtandaoni mtanisamehe.

La mwili kuzoea tulimalize haraka: mwili hauzoei antibayotiki. Anayekuwa sugu ni bakteria. Basi.

Sasa Widal. Kipimo hiki ni cha mwaka 1896, na jina lake ni la Mfaransa aliyekitangaza. Hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani dalili kwamba kinga yako iliwahi kukutana na Salmonella Typhi, bakteria wa taifodi, au kitu kinachofanana naye. Hapo kwenye "kinachofanana" ndipo ninapopandwa na presha. Salmonella Enteritidis, ambaye si taifodi, ana antijeni O (alama za ganda ambazo kinga huzitambua) namba 9 na 12 sawasawa na za Typhi. Malaria nayo huamsha kinga ovyo na kuifanya Widal isome chanya. Chanjo pia. Taifodi uliyougua ukiwa sekondari pia.

Chukulia nyumba iliyowahi kuibiwa. Mwenye nyumba akaweka nondo madirishani. Unapita miaka miwili baadaye, unaona nondo, unapiga yowe: mwizi yumo ndani! Mnamwaga dawa nyumba nzima. Kesho unarudi, nondo bado zipo. Basi unatangaza mtaani kwamba huyu mwizi ni sugu.

Kingamwili hukaa miezi, na zile za H, yaani za mikia ya bakteria, zinaweza kukaa miaka. Sipro haiziui, wala haikutengenezwa iziue. Kwa hiyo kurudia Widal baada ya dozi ili kuona "kama imeisha" ni kazi bure, na anayekuuzia kipimo hicho anajua au alipaswa kujua. Ile 1:320 ya Mei iliyomtisha mama ni hatua moja tu ya kuzimua kutoka 1:160 (seramu iliyozimuliwa mara 160 bado ikasoma chanya, na kila hatua huzidisha mara mbili), na hatua moja iko ndani ya kosa la kawaida la msomaji. Ukitaka Widal iseme jambo la maana, pima mara mbili, wiki moja au mbili kati yake, utafute kupanda mara nne au zaidi. Sijawahi kuona mtu akifanya hivyo nje ya utafiti. Tunachofanya ni tone la seramu kwenye kigae cheupe, tone la kitendanishi, tikisa dakika moja, na jicho la mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri.

Usugu wa kweli upo, tena unatisha. Kloramfenikoli ilianza kutibu taifodi mwaka 1948. Mwaka 1972 Mexico ikapata mlipuko wa maelfu ya wagonjwa ambao dawa hiyo haikuwasaidia kitu. Baadaye ukaja ukoo wa Typhi tunaouita H58, kutoka Asia Kusini, umebeba usugu wa kloramfenikoli, ampisilini na septrini kwa mpigo, ukavuka hadi Afrika Mashariki. Wenzetu wa Nairobi wamekuwa wakiuotesha miaka mingi. Ndiyo maana tukakimbilia sipro.

Na sipro ina hadithi yake, ambayo nitaieleza polepole kwa sababu inaniudhi kuliko zote. Tunapojaribu dawa, tunaotesha bakteria kwenye sahani, tunaweka diski ya dawa, halafu tunapima kwa rula duara tupu linalobaki kuzunguka diski. Zamani duara la sipro likifika milimita 21, tuliandika "inafanya kazi". Wagonjwa wakawa wanapewa sipro na homa haishuki, karatasi zetu zikiendelea kutabasamu. Ikaonekana kwamba badiliko dogo kwenye jeni ya gyrA humfanya Typhi avumilie dawa kiasi, si kabisa, na rula yetu ilikuwa ikimpitisha. Mwaka 2012 kipimo cha Wamarekani, ambacho maabara nyingi hufuata, kikabadilishwa: kwa Salmonella, duara lifike milimita 31. Kati ya 21 na 30 ni katikati, chini ya hapo ni sugu. Bakteria mwenye milimita 26 alilala salama, akaamka hana tena cheti cha usalama, na hakuwa amebadilika chochote. Bado nakutana na majedwali ya zamani yamebandikwa ukutani kwa gundi.

Jenta, yaani jentamaisini ya sindano, je? Kwenye sahani jenta humpiga Typhi vizuri kabisa. Ndani ya mtu haifanyi kazi, kwa kuwa Typhi anajificha ndani ya seli za kinga ambako jenta haifiki ipasavyo. Kwa hiyo usiniletee karatasi inayosema "jentamaisini: inafaa" kwa Salmonella. Nitaichana.

Sasa niungame. Kalcha ya damu, yaani kuotesha damu ili kumwona bakteria mwenyewe, ambayo ndiyo ninayoipigia debe badala ya Widal, hukamata kama wagonjwa 6 kati ya 10. Mara nyingi mililita nzima ya damu ina bakteria mmoja au hata hakuna, halafu mnaniletea mililita mbili kutoka kwa mtu mzima aliyekwisha kumeza vidonge vya duka la dawa siku tatu. Naandika "hakuna ukuaji", na baadhi ya hao nina hakika walikuwa na taifodi. Taifodi si hadithi: Pemba, walipootesha damu za wagonjwa wa homa, Typhi ndiye aliyeongoza. Na yule tabibu wa kituo cha kata, asiye na inkubeta (kasha la joto la kuoteshea bakteria), mwenye foleni hadi mlangoni na Widal peke yake mkononi, simlaumu kama ninavyomlaumu nikiwa na hasira. Sijui mimi ningefanya nini kwenye kiti chake.

Lakini turudi kwa sipro ya Machi. Kama Typhi hakuwemo, ilimkuta nani? Iliwakuta E. coli wa utumboni, mabilioni, raia wema wasio na kesi. Wanyonge wakafa, wenye usugu wakabaki na nafasi ya kuzaana. Hapa hata ule wimbo wa "maliza dozi" hausaidii: dozi ya ugonjwa usiokuwepo, ukiimaliza, umewachuja vizuri zaidi. Kisha E. coli hawa hugawiana plasmidi, vipande vya jeni vinavyopokezana kama flashi ya nyimbo kwenye daladala. Mwaka 2016, Sindh nchini Pakistan, ilizuka taifodi isiyosikia hata seftriaksoni. Ilikuwa H58 uleule, safari hii na plasmidi inayofanana na zile ambazo tayari zilikuwa zimeonekana kwa E. coli. Kwa vidonge wakabaki na azithromaisini, na kwa sindano dawa za kundi la meropenemu.

Mama nilimtoa damu chupa mbili, mililita kumi kila moja. Siku saba, hazikuota kitu. Mkojo wake uliota E. coli, na diski ya sipro ilizungukwa na bakteria hadi ukingoni, duara sifuri. Nikampigia daktari wake, tukaongea kirefu kuhusu homa yenyewe na vipimo gani vingine vifuate. Nikamweleza mama yote haya, pamoja na habari za nondo na mwizi. Alicheka, akaelewa, akanibariki.

Alipofika mlangoni akageuka.

"Sasa mwanangu, si unipime ile Widal mara moja tu ya mwisho, tuone kama imeisha?"