Dhahabu na Zebaki: Mvuke Usiouona Unakwenda Wapi?

Sekondari tunafundisha kutenganisha michanganyiko kwa chumvi, mchanga na maji. Huku kwetu Tanzania, kuanzia Misungwi hadi Geita, wachimbaji wadogo wanafanya kazi hiyohiyo kila siku kwa dhahabu, na wanaifanya kwa ustadi. Hatua ya mwisho ndiyo inayowaumiza.

Mawe yakishapita kwenye karasha, yaani mashine ya kuponda mawe, na kusagwa, unga wake hupitishwa na maji kwenye mwalo, yaani mfereji wa mteremko, uliotandikwa mazulia. Hapo kinachotenganisha ni uzito. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, ya kwatzi, lile jiwe jeupe, ina gramu 2.65 tu. Maji hubeba mchanga, dhahabu hunasa. Ni njia safi isiyo na sumu yoyote.

Shida huanzia kwenye karai la kuoshea kilichonaswa na mazulia, zebaki, ile metali ya majimaji, inapomiminwa ili ikusanye chembe ambazo vidole haviwezi kuzishika. Zebaki hushikamana na dhahabu. Mchimbaji hukamua mchanganyiko huo kwenye kitambaa, zebaki ya ziada ikachuruzika, naye akabaki na kidonge cha rangi ya fedha. Karibu nusu ya uzito wa kidonge hicho bado ni zebaki.

Kisha huja moto. Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357 za Selsiasi, ilhali dhahabu huyeyuka kwenye 1,064. Kwa pengo kubwa namna hiyo, hata moto wa mkaa unatosha: kidonge hupoteza mng'ao, kikageuka manjano chenye vitundu vitundu. Kikemia huo ni ukenekaji ulioachwa njiani, maana mvuke umetolewa lakini haukupozwa wala kukusanywa. Hauna rangi wala harufu. Anayeuvuta anaupeleka kwenye damu, ubongo na figo. Mikono huanza kutetemeka, usingizi hukatika, kumbukumbu hupungua. Mama mjamzito humfikishia sumu hiyo mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana nasisitiza: usichome kidonge jikoni wala chumbani, hata kiwe kidogo namna gani.

Sehemu ya mvuke huo hutua udongoni na kusombwa na mvua hadi mitoni na ziwani. Kwenye matope, bakteria huweza kuigeuza zebaki kuwa ya aina kali zaidi, inayojilimbikiza kwenye samaki wakubwa wanaokula wenzao. Kupika hakuiondoi.

Kifaa cha kukamilisha ukenekaji huo kipo, nacho ni retoti: chungu cha chuma chenye mfuniko unaobana na bomba refu linalopozwa kwa maji. Aliyewahi kuona gongo likipikwa ameshauelewa mtambo huu. Zebaki hurudi kwa matone na kutumika tena. Mambo mawili yazingatiwe sana. Mdomo wa bomba usizame majini, kwa sababu retoti ikipoa huvuta maji ndani, na maji yakikutana na chuma cha moto yanaweza kusababisha mlipuko. Pia usiifungue kabla haijapoa kabisa.

Wachimbaji wengi huikataa kwa sababu hawaioni dhahabu yao ikiiva, na wakati mwingine hutoka imefifia rangi, mnunuzi akashusha bei. Hofu hiyo ina msingi. Rangi hurejea dhahabu ikiyeyushwa, lakini bado ina mabaki ya zebaki, kwa hiyo duka linalonunua linapaswa kuyeyushia chini ya kofia yenye feni na kichujio. Kwa maoni yangu, wanunuzi ndio tunaopaswa kuwabana kwanza.

Ipo pia njia ya kuacha zebaki kabisa. Huko Benguet, Ufilipino, wachimbaji hurudia kuosha mpaka mchanga uliobaki uwe umejaa dhahabu, kisha huuyeyusha pamoja na boraksi, unga mweupe wa madini unaorahisisha uyeyushaji. Inadai uvumilivu kwenye karai.

Na marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kutoa dhahabu, yaliyowahi kuguswa na zebaki yasipelekwe kwenye sayanaidi, kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu iliyosalia, kabla zebaki haijaondolewa. Sayanaidi huiyeyusha zebaki na kuisambaza mbali zaidi kupitia maji. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania imeuridhia, unataka nchi zichukue hatua za kukomesha jambo hilo, pamoja na uchomaji wa wazi na ule wa kwenye makazi ya watu. Ukinunua marudio, muulize muuzaji yalipitia nini.