Mwanao anakimbia mbio, ratiba anapangiwa na mpira: hela za TV kwenye vyuo vya Marekani

Kwenye semina moja ya skolashipu mzazi alisimama akaniuliza, mwalimu mimi sielewi, mwanangu ni mwanariadha yuko chuo huko pwani ya magharibi ya Marekani, ule mpira wao wa umbo la yai hajawahi hata kuushika, sasa anapiga simu anasema chuo kimehama ligi kwa sababu ya huo mpira na mashindano yake yamehamia upande wa pili wa nchi, inakuwaje? Nikamwambia mama swali lako fupi ila jibu lake refu, ngoja niliandike na wengine wasome.

Tuanze na hii konferensi. Vyuo vya kule vinacheza kwa makundi yanaitwa hivyo, na watu wengi wanadhani ni ligi tu ya kawaida. Ni ligi ndio, lakini kwa leo ichukulie zaidi kama chama cha ushirika cha wakulima, yaani kila chuo kinaleta haki za matangazo ya mechi zake ghalani, chama kinaenda kuongea bei na vituo vya TV kama ESPN, Fox, NBC au CBS, hela ikija wanachama wanagawana. Na zao linalouzika pale ghalani ni futiboli ya Jumamosi, yaani ule mpira wa umbo la yai. Basketi ya wanaume inafuata kwa mbali. Riadha, kuogelea, voliboli na mengineyo karibu yote yanakula hapo bila kuleta gunia.

Zamani haikuwa hivi. Chama kikuu cha michezo ya vyuo, NCAA, ndicho kilichokuwa kinauza mechi zote za futiboli, tena kwa kubana, chuo kimoja hakiruhusiwi kuonekana kwenye TV zaidi ya mara 6 ndani ya miaka 2, mana waliogopa watu watabaki majumbani na viwanja vitakuwa vitupu. Vyuo vya Oklahoma na Georgia vikaenda mahakamani, na mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwa kura 7 kwa 2 kwamba huo mpango unavunja sheria ya ushindani. Mmoja wa wale majaji wawili waliokataa ni Byron White, ambaye ujanani alikuwa mchezaji nyota wa futiboli ya chuo, na aliona kabisa biashara itakuja kuwazidi nguvu walimu. Mi naona mzee aliona mbali.

Basi baada ya hapo kila mtu akawa huru kuuza, na ukishakuwa huru kuuza swali linakuwa nani ana zao zuri. Chuo cha Notre Dame wakaona wao peke yao wanajitosha wakasaini na NBC, mechi zikaanza kuonyeshwa 1991, na mpaka leo kwenye futiboli hawana konferensi. Konferensi ya SEC, ambao ni vyuo vya kusini, wakachukua Arkansas na South Carolina wakafika 12, mana kanuni zilisema ukiwa na wanachama 12 unaruhusiwa kuandaa fainali yako, nao wakaicheza 1992, mechi moja zaidi ya kuuza. Arkansas alipoondoka ile konferensi ya vyuo vya Texas aliyokuwemo ikapooza, ikafa 1996.

Sasa hapa kwenye kebo, yaani TV ya kulipia, ndo pazuri, tulia kidogo. Mwaka 2007 konferensi nyingine, Big Ten, wakafungua chaneli yao wakishirikiana na Fox. Hela ya chaneli kama hiyo haitegemei wewe unaangalia au huangalii, kila nyumba yenye kifurushi inakatwa kiasi kila mwezi, na nyumba zilizo kwenye eneo lenye chuo mwanachama zinakatwa zaidi. Kwa hiyo walipovichukua vyuo vya Maryland na Rutgers mwaka 2014 watu wa mpira walicheka sana, Rutgers wana nini uwanjani? Hawakuwa na kitu cha kutisha, ila wako New Jersey, pembeni ya jiji la New York, na Maryland wako pembeni ya Washington. Yaani kilichonunuliwa ni majirani zao. Bibi anayeishi New Jersey asiyejua hata mechi inachezwa saa ngapi akawa anaichangia Big Ten kila mwezi.

Baadae watu wakaanza kukata kebo wanahamia kustrimu, yaani kuangalia kwa intaneti, na hesabu ikageuka tena, sio nyumba ngapi zina kifurushi bali ni mechi gani watu wataacha shughuli zao waitazame. Yaani jina kubwa dhidi ya jina kubwa. Ndo maana Texas na Oklahoma wameingia SEC 2024, na SEC wakapata mkataba wa ESPN unaoripotiwa kuwa kama dola milioni 300 kwa mwaka, wakati CBS kwa mechi zile zile kubwa walikuwa wanalipa kama milioni 55. Big Ten nao wakawatwaa USC na UCLA wa Los Angeles, tangazo likatoka tarehe 30 Juni 2022, na Agosti mwaka huo huo wakasaini na Fox, CBS na NBC mkataba wa miaka 7 unaotajwa kuzidi dola bilioni 7.

Waliobaki nyuma waliumia. Pac-12, konferensi ya pwani ya magharibi iliyoanza 1915, ilizunguka mwaka mzima kutafuta mnunuzi, mwisho ikapata ofa ya Apple ya kustrimu ambayo malipo yake yangetegemea idadi ya watu watakaojiunga. Viongozi wa vyuo wakaguna. Ndani ya siku chache za Agosti 2023 Oregon na Washington wakaenda Big Ten, Arizona, Arizona State na Utah wakaenda konferensi ya Big 12 kumfuata Colorado. Stanford na California wakaishia ACC, ambayo kirefu chake ni konferensi ya pwani ya Atlantiki, na wao wako Pasifiki. Msishangae, Big Ten ina vyuo 18 na Big 12 ina 16, majina hayana hesabu tena.

Wakabaki wawili tu, Oregon State na Washington State. Hii Washington State ndo chuo alichosoma Henry Rono wa Kenya, aliyevunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa bado mwanafunzi pale. Rekodi 4 za dunia, lakini kwenye hesabu za TV hazikuwasaidia.

Kuhusu mgao, watu wanadhani ukishaingia konferensi tajiri na wewe umetajirika. Wapi! Oregon na Washington walikubali karibu nusu ya mgao kwa miaka yao ya mwanzo, Stanford na California kama asilimia 30, na chuo cha SMU wa Dallas walikubali kukaa miaka 9 bila mgao wa TV wa ACC, mana wana matajiri wa kuwabeba. Na ndani ya chama wakubwa nao wameanza kugoma kugawana sawa kwa sawa. Florida State na Clemson waliishtaki ACC yao wenyewe, wakapatana Machi 2025 kwamba sehemu kubwa ya hela ya TV sasa itagawanywa kwa kuangalia nani anatazamwa zaidi. Hapo ushirika unaanza kuwa duka la mtu na mtu.

Halafu kuna wachezaji. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken alipitisha makubaliano ya kesi inayoitwa House, chuo kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja mpaka kama dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Nyingi zinaenda kwenye futiboli, na hela inayoenda huko inatoka mahali, na vyuo vilivyojiunga na mpango huu timu zao zimewekewa kikomo cha idadi ya wachezaji, riadha ikiwemo.

Kwa hiyo mama, na wazazi wengine wa Iten, Arusha na kwingineko, kabla mtoto hajasaini muulize kocha chuo kiko konferensi gani na mkataba wa TV wa hiyo konferensi unaisha lini. Ulizeni nafasi yake kwenye timu ni ya uhakika miaka yote 4 au inaangaliwa kila mwaka. Ulizeni atakosa vipindi vingapi kwa ajili ya safari, mana kutoka Rutgers mpaka Los Angeles ni karibu kilomita 4,000 na timu ya futiboli inaweza kukodi ndege yake, wakimbiaji mara nyingi wanaunga safari za abiria. Na akiahidiwa malipo, viza ya mwanafunzi ya F-1 inabana sana mambo ya kazi, aende kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapo chuoni.

Weka alama mwaka 2030 kwenye kalenda. Mkataba wa Big Ten unaisha kipindi hicho, na ada ambayo chuo kinalipa kikitaka kutoka ACC itakuwa imeshuka mpaka kama dola milioni 75. Mtoto anayeingia chuo leo anaweza kuanza kwenye konferensi moja akamalizia kwenye nyingine, kiwanja kile kile, kocha yule yule.