U-852: nyambizi iliyopwelewa Somalia na batli iliyosahaulika ndani yake

Nyambizi ya Kijerumani U-852 ilikuwa na safari moja tu ya vita, nayo haikuimaliza. Iling'oa nanga Kiel tarehe 18 Januari 1944 kuelekea Bahari ya Hindi, kamanda akiwa Heinz-Wilhelm Eck. Mwanzoni mwa Mei ilikuwa gofu kwenye ufukwe wa Somalia. Ilizamisha meli mbili. Ya kwanza ndiyo inayotufanya tuikumbuke.

Usiku wa 13 Machi, katika Atlantiki ya Kusini, iliipiga kwa topido meli ya mizigo ya Ugiriki, Peleus, yenye mabaharia 35. Waliopona mlipuko walishikilia vyelezo na mbao. Eck alihofia kwamba kukipambazuka ndege za doria zingeyaona mabaki na kujua nyambizi iko jirani, akaamuru yazamishwe kwa bombomu na mabomu ya mkono. Juu ya vyelezo kulikuwa na watu. Kazi hiyo ilichukua saa kadhaa, na bado mabaki hayakwisha. Mabaharia watatu walielea zaidi ya mwezi mpaka meli ya Ureno ikawaokota.

Tarehe 1 Aprili U-852 ilizamisha meli ya pili, Dahomian ya Uingereza, karibu na Cape Town, kisha ikapanda kaskazini. Mei 2 ndege za Kiingereza kutoka Aden ziliikuta juu ya maji zikaijeruhi vibaya. Ikapwelewa, na mabaharia wake wenyewe wakailipua. Saba walikufa, 59 wakatekwa. Ila batli, yaani daftari la kumbukumbu za safari, haikuharibiwa. Waingereza waliikuta ndani, na iliwaonyesha nyambizi hii ilikuwa wapi Peleus ilipozama.

Oktoba 1945, mbele ya mahakama ya kijeshi ya Uingereza mjini Hamburg, Eck alijitetea kuwa alilinda chombo chake na watu wake. Utetezi huo haukusimama: aliyetaka kujificha angekimbia kwa kasi zote, si kubaki palepale saa nzima baada ya saa. Walio chini yake walisema walitii amri. Nao hawakusikilizwa, kwa kuwa aliyevunjikiwa na meli, akiwa hoi majini, sheria za vita zinamlinda hata dhidi ya adui yake.

Eck alipigwa risasi Novemba 30, pamoja na afisa August Hoffmann na Walter Weispfennig. Huyu wa mwisho alikuwa daktari wa chombo, mtu asiyepaswa kabisa kuelekeza silaha kwa wahanga. Injinia mkuu, Hans Lenz, aliipinga amri ana kwa ana, halafu baadaye usiku uleule akashika bombomu mwenyewe. Alihukumiwa kifungo cha maisha.