Chakula cha ziada: kazi yangu ya kwanza ni kukataa

Nasimamia usalama wa chakula katika shughuli ya kukusanya chakula cha ziada jijini Nairobi na kukipeleka mashuleni. Wengi hudhani shida yetu ni kupata watu wenye moyo wa kutoa. Watoaji wapo. Tunachopigana nacho kila siku ni joto na saa.

Chukua mishiri, yale maharagwe machanga yanayolimwa Kirinyaga kwa ajili ya soko la Ulaya. Mnunuzi anataka ganda lililonyooka, lenye unene na urefu aliouagiza. Lililopinda linawekwa kando kwenye meza ya kuchagulia, ingawa lilichumwa asubuhi hiyohiyo kutoka mche uleule. Ukilivunja linakatika tap! na maji yanatoka. Mara nyingi huishia kwa ng'ombe. Sisi tunalitaka, tena siku hiyohiyo, kwa sababu mishiri iliyoshindiliwa guniani hupumua na kujipasha joto, na katikati huanza kuteleza kabla nje hakujaonyesha dalili yoyote. Ndiyo maana nadai kreti, na mzigo ukifika naingiza mkono hadi chini kabisa.

Ila kabla ya mkono, kuna swali: imekataliwa kwa nini? Kupinda si neno. Lakini ikiwa ni mabaki ya dawa za kuua wadudu yaliyopita kiwango, gari linarudi tupu. Mboga ambayo ni hatari kwa mlaji wa Ulaya haigeuki salama kwa kuwa atakayeila ni mtoto wa mtaa wa mabanda wa Mukuru. Hapo sina mjadala na mtu.

Mahindi ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Mwaka 2004, huko Ukambani, watu 125 walikufa kwa aflatoksini, sumu ya kuvu iliyotokana na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, kwa hiyo githeri iliyopikwa kutwa nzima bado inaweza kuwa nayo, na punje inayoonekana safi kwa macho inaweza kuibeba. Kenya inaruhusu isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Gunia lisilopimwa hatulipokei, hata likitolewa bure, hata shule ikiwa imeishiwa.

Chakula kilichopikwa kina mambo yake. Pilau ya harusi ikibaki kwenye sufuria kubwa, imefunikwa, juu hupoa upesi lakini katikati hukaa vuguvugu usiku kucha. Kuna bakteria, Bacillus cereus, ambaye vijimbegu vyake hustahimili kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu, bakteria huyo huzaana na kutoa sumu, na kuupasha moto asubuhi hakuiondoi. Kwa hiyo pilau ama inabaki juu ya nyuzi 60, ama inamwagwa kwenye trei pana, kina kisichozidi vidole vitatu, ishuke hadi nyuzi 21 ndani ya saa mbili, kisha iingie kwenye friji. Kilichokwisha kupakuliwa na kupitiwa na mikono ya wageni hatukichukui.

Nchi nyingine zimeweka sheria. Tangu 2016 Ufaransa inayataka maduka makubwa yaingie mkataba na mashirika ya hisani badala ya kutupa chakula kisichouzika. Marekani, tangu 1996, inamlinda anayetoa kwa nia njema asishtakiwe ovyo. Nawaunga mkono, maana wenye hoteli ninaozungumza nao huogopa mahakama kuliko wanavyoogopa hasara. Hata hivyo tusiyalaumu maduka peke yake. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake hapa Gigiri, lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na takribani asilimia 60 ilitoka majumbani.

Kwa wanaopanga sherehe, ombi langu ni hili: msitupigie simu saa sita usiku mkiwa na masufuria yaliyojaa. Tuzungumze wakati mnakubaliana na mpishi. Aambiwe apakue kidogokidogo kutoka jikoni, sufuria ya akiba ibaki motoni bila kuguswa, na mtu mmoja awe na kazi ya kuangalia kipimajoto. Ikifika jioni na sufuria hiyo haijafunguliwa, gari letu litakuwa limeshafika.