Pini za stepla tumboni: maswali na majibu kwa aliyekatwa utumbo

Ninahudumu wodi ya upasuaji. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi na wagonjwa na ndugu zao. Moja nitalijibu mara kadhaa, maana ndilo linalonirudishia watu wakiwa mahututi.

Stepla ya upasuaji ni nini?

Ni kifaa cha kushona na kukata kwa pamoja. Daktari anaubana utumbo kati ya taya zake mbili, anafyatua, pini zinaingia safu mbili au tatu kila upande, na kijembe kinapita katikati. Pini za ndani kwa kawaida ni za chuma cha titani, ndogo kuliko punje ya mchele. Si kitu kipya. Mwaka 1908, daktari Hümér Hültl wa Budapest alitumia kifaa cha namna hii kilichokuwa na uzito wa kilo tatu na ushee.

Kwa nini wasibane kwa nguvu zote, pasivuje kabisa?

Kwa sababu utumbo ni nyama hai, na kingo zake zinahitaji damu ili ziungane. Ukizibana mno unazinyima damu. Siku ya upasuaji utaziona zimefungana vizuri, kumbe zinakufa taratibu, na baada ya siku chache zinaachia. Ukizibana kidogo, zinatoka damu na kuvuja. Waundaji wa stepla wanahangaika hapo katikati, na upana wa kuhangaikia ni sehemu ya milimita.

Itazame pini iliyokwisha kujikunja: ina umbo la herufi B iliyolala. Hivyo vitundu viwili vya B vimeachwa makusudi, mishipa midogo ya damu ipite. Katriji, yaani vikasha vinavyobeba pini, nazo zina rangi kulingana na kimo. Katika mpangilio uliozoeleka, nyeupe hujifunga hadi kama milimita 1, bluu 1.5, kijani 2. Shida ni kwamba mwili haukuumbwa kwa rangi tatu. Tumbo la chakula, kwa mfano, ni nene upande wa kutokea chakula na jembamba upande wa juu, kwa mgonjwa yuleyule. Utumbo uliovimba nao ni mnene leo, uvimbe ukishuka kesho pini zinabaki zimelegea. Ndiyo maana daktari akishabana husubiri kwanza maji ya kwenye nyama yasogee, kisha ndipo anafyatua.

Urefu wa taya ni mvutano mwingine. Taya ndefu humaliza kazi kwa mfyatuo mmoja, lakini ncha zake huelekea kuachana kidogo, na pini za mwisho zikakosa kujikunja sawasawa. Taya fupi ni imara zaidi, ila itabidi kufyatua mara nyingi, na kila safu mpya inapokutana na ya zamani panakuwa na udhaifu. Na kama upasuaji ni wa matundu madogo, kifaa chote kinapita kwenye mrija wa kama milimita 12, kwa hiyo hakiwezi kuwa kinene na kigumu kama ambavyo mhandisi angependa.

Kwa hiyo stepla ni hatari?

Hapana. Mshono wa mkono nao huvuja. Lakini tusidanganyane kwamba kifaa hakikosei. Nchini Marekani, mamlaka ya chakula na dawa (FDA) ilipokea taarifa zaidi ya 41,000 za matatizo ya stepla za ndani kati ya 2011 na 2018, na 366 kati yake zilihusu vifo. Taarifa si uthibitisho kwamba kifaa ndicho kilichoua, lakini mwaka 2021 mamlaka hiyo ilizihamishia kwenye daraja lenye masharti makali zaidi.

Pini zikishashika, si ndiyo nimepona?

Hapana. Pini zinashikilia tu. Anayeunganisha ni mwili wako, na mwili unahitaji siku. Pakivuja, mara nyingi ni kati ya siku ya tatu na ya kumi, wakati ambao wengi wameshapelekwa nyumbani na wanapokea wageni.

Lakini tumbo kuuma baada ya upasuaji si kawaida?

Maumivu yanayopungua kila siku ni kawaida. Maumivu yaliyokuwa yamepungua kisha yakarudi kwa nguvu si kawaida. Wala si kawaida homa, kutetemeka, tumbo kuvimba na kuwa gumu, kutapika, bega kuuma bila sababu, au moyo kwenda mbio umelala. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu dakika nzima. Mapigo yakizidi 100 umetulia, na hali yako si nzuri, njoo. Usisubiri homa ndipo uamini.

Nyumbani wanasema ni gesi tu. Nisubiri asubuhi?

Hapana. Usisubiri asubuhi.

Na kama nimemeza dawa ya maumivu nikapata nafuu?

Hapana pia. Dawa imenyamazisha maumivu na kushusha homa; tundu liko palepale na kinyesi kinamwagika tumboni. Nimempokea mgonjwa aliyeingia akitembea, mkono mmoja umeshikilia tumbo, akiniambia anajisikia afadhali. Mapigo yake yalikuwa 128 na vidole vya baridi. Kwa siku mbili alikuwa anakunywa dawa za maumivu na kukandwa tumbo. Akapasuliwa usiku uleule.

Enema (maji ya kuingiza njia ya haja kubwa) haiwezi kutoa hiyo gesi?

Hapana, hapana! Naomba sana. Enema inasukuma maji kwenye maungio ya utumbo ambayo bado ni mabichi. Usijipige enema, usikandwe tumbo, usinywe dawa ya kuharisha bila daktari aliyekupasua kuruhusu.

Pini zitatolewa lini?

Za ndani hazitolewi, na kwa kawaida hazizuii kipimo cha MRI (picha za ndani ya mwili kwa sumaku). Mtajie tu mpimaji kwamba unazo. Za kwenye ngozi ni nyingine, hutolewa kwa kifaa chake baada ya siku 7 hadi 14. Koleo la nyumbani liache lilipo.

Nikija usiku niseme nini?

Usiseme "tumbo linauma", utawekwa nyuma ya foleni. Sema: "Nilikatwa utumbo ukaunganishwa, leo ni siku ya sita, moyo unakwenda mbio." Beba karatasi uliyopewa siku ya kutoka, na usile wala kunywa chochote njiani, maana huenda ukaingia chumba cha upasuaji usiku huohuo.