Mfumo wa Mechi za Ugenini kwa Timu Iliyopanda Daraja

Mfumo wa ugenini ni mpangilio wa wachezaji kumi wa ndani, kipa akiwekwa kando, ambao kocha anauchagua kwa ajili ya mechi inayochezwa kwenye uwanja wa mpinzani. Kwa timu iliyotoka kupanda daraja uchaguzi huu una uzito wa pekee, kwa sababu timu hiyo inaingia Ligi Kuu ikiwa na mazoea iliyoyajenga katika Ligi ya Championship, ambako pengine ilizoea kushinda hata safarini, na sasa inakutana na wapinzani ambao hawapotezi mpira ovyo na wana benchi la akiba lililojaa. Vijiwe vingi vya Mtwara na Lindi hulijadili suala hili kama la ujasiri na woga: kocha akipanga mabeki watano anaitwa mwoga, akipanga washambuliaji watatu akafungwa anaitwa mjinga. Kwa kocha mwenyewe suala linaanzia kwenye maswali mawili. La kwanza ni sehemu ipi ya uwanja yuko tayari kumwachia mwenyeji. La pili, ambalo husahaulika zaidi, ni nani atakuwa mahali pa kupokea pasi ya kwanza pale timu yake itakapoupata mpira.

Namba za mfumo husomwa kutoka kwa mabeki kwenda mbele, kwa hiyo 4-4-2 ina maana ya mabeki wanne, viungo wanne na washambuliaji wawili. Namba hizo zina uhusiano wa moja kwa moja na ukubwa wa uwanja. Uwanja wa kimataifa kwa kawaida una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Mabeki wanne wakitawanywa sawasawa katika upana huo, kila mmoja atabaki na mita 17 za kulinda, na hakuna beki anayeweza kuzilinda peke yake mbele ya winga mwenye kasi. Ndiyo maana safu nzima ya ulinzi husogea kwa pamoja kuelekea upande ulio na mpira na kuuacha upande wa pili wazi, kwa matumaini kwamba mpira mrefu wa kuvuka uwanja utachukua muda wa kutosha kuwawezesha kurudi. Katika ligi ya chini matumaini hayo hutimia mara nyingi, kwa kuwa pasi ya aina hiyo huchelewa au hutoka nje. Juu, viungo wengi wanaweza kuipiga kwa mguso mmoja. Beki wa tano anaongezwa ili kuufunga upande huo, lakini hatoki hewani. Lazima aondolewe mtu katikati au mbele, na gharama yake inaonekana timu inapotaka kutoka.

Mikoa ya kusini ina mifano yake. Ndanda ya Mtwara, ilipopanda kwa msimu wa 2014/15, ilianza ligi ugenini kwenye Uwanja wa Kambarage mjini Shinyanga na kuifunga Stand United 4-1. Ni matokeo ambayo mashabiki wa Nangwanda Sijaona, uwanja wa nyumbani wa Ndanda mjini Mtwara, waliyafurahia kwa haki yao, ila Stand United nayo ilikuwa imepanda msimu huohuo, hivyo mechi hiyo haikuweza kuwa kipimo cha safari za kwenda kwa wakubwa. Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi, ilipanda kwa msimu wa 2019/20, ikamaliza katika nafasi ya 4 na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, ambako ilifungwa na Simba 2-1 mjini Sumbawanga. Mwisho wa msimu huohuo Ndanda ikashuka. Haitakuwa haki kueleza kupanda na kushuka kote huko kwa mfumo peke yake, kwani usajili, mishahara na majeruhi vina sauti kubwa zaidi. Lakini mfumo ni miongoni mwa mambo machache ambayo kocha asiye na fedha anaweza kuyabadilisha kati ya Jumatatu na Jumamosi.

Kabla ya kuchora chochote ubaoni, kocha wa kusini anapaswa kuihesabu safari. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 560 kwa barabara, na kwa timu inayokwenda Mwanza, Kigoma au Bukoba huo ni mwanzo tu. Mvua nazo zina neno lake: Mei 2024 barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga, na kila anayeishi kusini anakumbuka magari yaliyopanga foleni pale. Wachezaji waliokaa kwenye basi kwa muda mrefu hupoteza kwanza uwezo wa kurudia mbio fupi za kasi, na mbio hizo ndizo zinazobeba mifumo miwili ambayo timu zilizopanda huipenda sana. Kukabia juu, yaani kumfuata mpinzani akiwa bado karibu na goli lake, kunadai mbio za namna hiyo kila mara mwenyeji anapoanza mpira na kipa wake. Mfumo wa 4-3-3 unadai winga arudi umbali wa mita 40 au 50 kumsaidia beki wake, kisha aende tena mbele, mara nyingi katika kipindi kimoja. Winga aliyechoka haachi kwenda mbele. Anaacha kurudi, na beki wa pembeni anajikuta na watu wawili.

Uwanja wenyewe una masharti yake. Mbeya iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali zaidi, ilhali wachezaji wa Mtwara na Lindi mjini wanafanya mazoezi karibu na maji ya bahari. Kwenye Uwanja wa Sokoine, kwa hiyo, safu ya ulinzi ya wageni inayosimama karibu na mstari wa katikati hujiweka kwenye hatari ya mpira mrefu uliopigwa nyuma yake, na kukabia juu kwa dakika zote 90 ni kujimaliza. Kwenye nyasi bandia za Kaitaba, Bukoba, hesabu ni nyingine: mpira uliopigwa nyuma ya mabeki huteleza kwa kasi na kumfikia kipa, kwa hiyo mshambuliaji wa wageni anayetegemea mbio anahitaji pasi ya mguuni.

Mfumo wa 4-4-2 ndio rahisi kufundishwa, na kwa timu isiyo na muda mrefu wa maandalizi hiyo ni sifa kubwa. Safu mbili za watu wanne zinasogea pamoja, kila mchezaji anamjua jirani yake, na umbali kati ya safu ya nyuma na washambuliaji ukitunzwa kwenye mita 25 hadi 30, mwenyeji hukosa pa kupitia. Udhaifu wake uko katikati. Viungo wawili wakikutana na watatu, mmoja wa wenyeji hubaki huru, naye huwa ni yule mwenye akili zaidi. Dawa ya kawaida ni kumrudisha mshambuliaji mmoja amkabe namba sita wa mpinzani, yaani kiungo mkabaji wake, na hapo mfumo unageuka kuwa 4-4-1-1 bila jina la mchezaji yeyote kubadilika kwenye orodha.

Sasa tuutazame 5-4-1, ambao ndio kimbilio la timu nyingi zinapokwenda kwa Simba, Yanga au Azam, na ambao mashabiki huuita kupaki basi. Chukulia timu kutoka Lindi iko Mbeya na winga wa kulia wa mwenyeji ana mpira kwenye mstari wa pembeni. Namba tatu wa wageni, beki wa kushoto, anamfuata. Beki wa kati aliye karibu naye anasogea kuziba pengo. Mpaka hapo watu watano wamefanya kazi yao. Krosi inapigwa, beki wa kati anairuka na kuitoa kwa kichwa, na mpira unadondoka mita 20 hivi kutoka golini, mbele kidogo ya eneo la hatari. Viungo wawili wa kati, kwa hofu ya krosi, wamesharudi hadi karibu na nukta ya penalti. Hakuna mtu kwenye mpira wa pili, yaani ule unaodondoka baada ya kuokolewa. Namba nane wa mwenyeji, kiungo wa kati anayepanda kushambulia, anaufikia akiwa anakuja kwa kasi, anaweza kupiga au kuuanza upya upande wa kushoto. Hata tukisema wageni wamebahatika kuupata wao, mshambuliaji wao pekee yuko mita 40 mbele akiwa katikati ya mabeki wawili wa kati na namba sita. Mpira mrefu unapigwa kwake na baada ya sekunde chache umerudi. Mabeki watano hawajapata hata nafasi ya kunyoosha mgongo. Hali hiyo ikijirudia kwa nusu saa, bao huja, na lawama humwangukia beki wa mwisho kugusa mpira, wakati tatizo lilikuwa kwamba hapakuwa na mlango wa kutokea.

Kwa maoni yangu, timu iliyopanda ikiamua kucheza na mabeki watano ugenini, 5-3-2 inafaa kufikiriwa kabla ya 5-4-1. Washambuliaji wawili wanampa mpigaji wa mpira mrefu chaguo: mmoja anasimama karibu na namba sita wa mwenyeji, mwingine anakimbilia pembeni, nyuma ya beki aliyepanda kushambulia. Mwenyeji akiliona hilo mara mbili tatu, huanza kumzuia beki wake mmoja asipande, na shinikizo hupungua kwa kitendo ambacho hakikuhitaji hata kuugusa mpira. Viungo watatu nao, wakiwa na mkata umeme mmoja, kiungo mkabaji anayekaa mbele ya mabeki bila kuvutwa, hulinda ule ukanda wa mpira wa pili. Bei inalipwa pembeni, kwa sababu mbele ya beki wa pembeni hakuna kiungo wa pembeni. Winga na beki wa mwenyeji wakishirikiana, mmoja wa viungo watatu ndiye anayetoka kwenda kusaidia, kisha anarudi katikati, kisha anatoka tena. Nafasi hiyo apewe mwenye mapafu, hata kama kuna fundi zaidi yake kwenye benchi.

Historia inaonyesha kwamba mabadiliko makubwa ya mifumo wakati mwingine huzaliwa baada ya kipigo cha ugenini. Sheria ya kuotea ilibadilishwa mwaka 1925, idadi ya wapinzani waliotakiwa kuwa kati ya mshambuliaji na mstari wa goli ikapungua kutoka watatu hadi wawili, na Oktoba mwaka huo Arsenal ikafungwa 7-0 na Newcastle ugenini. Kocha Herbert Chapman akakubali kumrudisha kiungo wa kati awe beki wa tatu, na siku mbili baadaye timu yake ikashinda 4-0 ugenini kwa West Ham. Kwa timu zilizopanda, mfano mkubwa kupita yote ni Kaiserslautern ya Ujerumani chini ya Otto Rehhagel, iliyopanda mwaka 1997, ikaanza msimu kwa kuifunga Bayern 1-0 mjini Munich, na ikautwaa ubingwa mwaka 1998. Sheffield United ilipanda Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2019 na 3-5-2 yake, haikuiacha, ikamaliza ya 9. Burnley nayo ilipanda mwaka 2023 kwa pointi 101, ikaendelea na mchezo wake wa pasi fupi kutoka nyuma, ikashuka na pointi 24. Mifano hii miwili ya mwisho inaonekana kupingana, lakini Sheffield United iliendelea na mpangilio ambao tayari ulikuwa na watu wa kutosha nyuma ya mpira, wakati Burnley iliendelea na mazoea yaliyohitaji wapinzani dhaifu.

Jambo lingine ambalo kocha hulipima ni tofauti kati ya mfumo wa nyumbani na wa ugenini. Ligi ya timu 16 ina mechi 30, nusu yake ni safarini, hivyo haiwezekani kuuona mfumo wa ugenini kama dharura. Hata hivyo, wachezaji saba wakibadilishiwa kazi kila wiki ya pili, hakuna atakayejua kusimama popote. Busara ni kuhamisha mtu mmoja au wawili. Timu inayocheza 4-2-3-1 pale Nangwanda inaweza kumshusha namba sita mmoja kati ya mabeki wa kati, ikamwondoa winga mmoja na kumweka mshambuliaji wa pili, ikapata 5-3-2 ambayo wachezaji wanane wanaitambua kama kazi yao ya kila siku. Mazoezi ya wiki hiyo yanaweza kujikita kwa wale wawili, na kwa beki wa pembeni ambaye sasa atapanda bila mtu wa kumtangulia.

Kuna, mwishowe, suala la dakika ya kubadilisha. Sheria za sasa zinaruhusu wachezaji 5 wa akiba kuingia, na timu iliyopanda huwa na wawili au watatu tu wanaoweza kuingia bila kiwango kushuka. Wengi huwaweka hadi matokeo yaharibike. Ugenini, hasa baada ya safari ndefu, mabadiliko ya kwanza yanafaa yafanyike mapema, kabla ya dakika ya 65 hivi, na yawaguse mabeki wa pembeni, ambao katika mfumo wa mabeki watano ni miongoni mwa wanaokimbia zaidi uwanjani. Beki huyo akichoka huacha kupanda, mshambuliaji wa upande wake hulazimika kurudi kuziba, na kocha anayeangalia matokeo badala ya miguu hujikuta dakika ya 80 akiwa na 5-5-0 ambayo hakuipanga.